Jiko la Kiganjani

Kila Jumamosi asubuhi, kazi ya Mawingu ilikuwa kufagia vipande vya nguo chini ya cherehani ya mama yake. Kazi ya dakika kumi, yeye aliimaliza kwa saa nzima. Kipande cha buluu kilikuwa ziwa. Cha kijani kilikuwa msitu, na uzi mweupe uliojikunja ulikuwa moshi wa nyumba ya watu asiowajua. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumbani jina lake la shule lilishasahaulika. Walimwita Mawingu kwa sababu kichwa chake kilikuwa huko juu siku zote.

"Bado hujamaliza?" mama aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye mshono.

"Nafagia, mama."

"Unafagia wapi? Umesimama hapo kama mnara wa simu!"

Wiki hiyo shangazi yake Mawingu alikuwa amekuja likizo. Alikuwa mpishi jeshini, mwanamke mrefu, mpole, anayetembea kama anayehesabu hatua zake. Baada ya chai alimwita Mawingu pamoja na mdogo wake wa miaka mitano, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa doa dogo jeusi lililokuwa shavuni mwake. Shangazi akatoa mkobani bati lililokunjwa, dogo kama kiganja. Alipolikunjua, likasimama kwa miguu minne mifupi.

"Hili ndilo jiko la askari akiwa porini," alisema. Akafungua kiboksi chenye vidonge vyeupe kama vipande vya sabuni. "Na huu ndio mkaa wake. Kidonge kimoja kinakuchemshia kikombe cha maji. Unaweka kopo lako la chakula juu, unasubiri kidogo, unakula."

"Na kama hakuna kiberiti?" Kidoti aliuliza.

"Kuna mifuko mingine haitaki moto kabisa. Ina unga ndani. Ukitia maji, unachemka wenyewe na kupasha chakula."

Kidoti alicheka akidhani anataniwa. Mawingu hakucheka, kwani alikuwa ameshaondoka. Aliona mlima uliofunikwa na ukungu, na mahema yamepangwa mstari. Mbele ya kila hema kulikuwa na mwali mdogo wa buluu unaopumua taratibu. Aliona mvuke ukipanda kutoka kwenye makopo na kuchanganyika na ukungu, hata hakujua upi ni upi.

"Lakini nisikilizeni vizuri," sauti ya shangazi ilikuwa ikisema mahali fulani mbali. "Moto huu ni wa nje. Hata mvua inyeshe vipi, hatuuwashi ndani ya hema lililofungwa. Mmenisikia?"

"Ndiyo, shangazi," Mawingu aliitika kutoka mlimani.

Shangazi alilikunja jiko akaliweka juu ya kabati, pamoja na kiboksi cha vidonge na kopo moja la maharage na nyama.

Alasiri, mama alimaliza kushona sare alizoagizwa. "Wifi, nisindikize nizipeleke," alimwambia shangazi. "Mzigo mzito huu." Kisha akamgeukia Mawingu. "Mwangalie mdogo wako. Tunarudi sasa hivi."

Hawakufika mbali kabla mvua haijaanza. Ilinyesha kwa sauti moja ndefu juu ya mabati, na nyumba za jirani zikafifia dirishani, zikawa kama milima.

"Tumefika kambini," Mawingu alinong'ona. Alipanda kwenye kiti, akalishusha jiko na vitu vyake, wakaingia chumbani kwao. Upepo ulizima kiberiti mara mbili, akafunga dirisha. Maji ya mvua yalianza kupenya chini ya mlango, akaziba kwa vitambaa vya mama. Safari hii mwali ulikubali. Ulikuwa wa buluu, mzuri, kama alivyouona kichwani. Ulitoa harufu kama ya samaki na macho yakawawasha kidogo, lakini hawakujali. Walikula maharage ya moto wakiwa wamejifunika shuka moja. Kidonge kilipoisha akaweka kingine, kisha kingine, ili kambi isipoe.

Taratibu, chumba kilianza kuelea. Mvua ilisikika kana kwamba inanyesha katika nyumba nyingine. Kichwa kilimgonga Mawingu polepole, na kope zake zikawa nzito kwa usingizi mtamu wa ajabu.

"Kidoti, askari akiwa zamu halali," alisema.

Kidoti hakujibu. Mawingu alimtikisa. Kichwa cha mtoto kililala upande kama cha mwanasesere.

Ndoto ilikatika hapo hapo. Mawingu alijaribu kusimama, miguu ikamsaliti. Alitambaa, akang'oa vitambaa, akafungua mlango, akamburuta mdogo wake sentimita kwa sentimita hadi barazani. Matone ya mvua yalipompiga Kidoti usoni, alitapika na kulia kwa sauti ndogo, kisha akafumba macho tena.

Kwa mbali aliona mwavuli wa mama. Hofu nyingine ikamwingia. Alirudi chumbani akiyumba, akalizima jiko na kulisukuma chini ya kitanda.

"Amepatwa na nini huyu?" mama alipiga kelele.

"Sijui, mama. Alilala tu, akatapika."

Shangazi aliinama pale pale. Alimbeba Kidoti mgongoni akakimbia naye kwenye mvua, mama na Mawingu nyuma yake, mpaka zahanati ya mtaani.

"Amekula nini?" muuguzi aliuliza, akimpima mapigo ya moyo.

"Asubuhi alimaliza maharage ya jana," mama alisema. "Labda yalichacha. Nilimwachia mimi mwenyewe!"

Muuguzi alianza kuandaa dawa ya tumbo. Mawingu alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kikimpasuka. Alimwona mama akijipiga kifuani kwa kosa ambalo halikuwa lake.

"Si maharage ya jana," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Si maharage! Niliwasha jiko la shangazi chumbani. Nilifunga dirisha na mlango."

Muuguzi aliweka dawa chini mara moja. "Umefanya vyema kusema. Hii ni hewa ya sumu." Alivuta mtungi wa oksijeni, akamvisha Kidoti kifuniko cha kupumulia. "Na wewe, kichwa kinakuuma? Njoo ukae hapa. Utavuta pia."

Walikaa pale hadi mvua ikaisha. Kidoti alifumbua macho, akamtazama dada yake, akauliza kama maharage yamebaki. Mama alicheka na kulia kwa pamoja.

"Nisamehe, mama. Nisamehe, shangazi. Uliposema, sikuwa nasikiliza."

Shangazi alimshika mkono. "Kosa la kwanza ni langu, mwanangu. Kitu kama kile hakikai juu ya kabati penye watoto. Lakini sikia. Moto wowote ukiwaka mahali palipofungwa, unakula hewa mnayopumua na kuacha sumu, na sumu hiyo inakuja kama usingizi. Nimewaona wanaume wazima wakibebwa kutoka kwenye hema kwa sababu waliogopa baridi. Endelea kuota, sikukatazi. Ila mtu akikuonya juu ya moto, rudi chini kwanza, umsikilize."

"Nitarudi, shangazi."

"Na jambo moja zaidi. Uliogopa, lakini ulisema. Muuguzi hakuweza kutibu asichokijua. Leo ukweli wako ndio uliomfikia mdogo wako kabla ya dawa."