Kila Ndama na Mstari Wake

Naserian alimaliza kukamua, akamimina chai, wala hakuinywa. Alipanda tena kichuguu cha nyuma ya boma, simu mkononi. Minara ya kampuni tatu ilionekana upande wa Handeni mjini, lakini mtandao ulikuja na kuondoka.

Kesho chanjo ya ndigana, homa ya kupe inayoua ndama, ingeletwa kutoka Korogwe kwenye barafu. Ingetosha ndama walioandikwa tu kwenye orodha ya pamoja, ile ya afisa mifugo ya kwenye simu. Orodha ingefungwa leo saa saba mchana. Mwaka jana ndigana ilimaliza ndama wa boma la jirani.

Alifungua orodha. Ndama wa nyumbani hawakuwamo. Walikuwamo wale walioko malishoni na mumewe, Leboo, basi. Aliandika upya, akampigia.

"Umewafuta ndama wangu tena."

"Wewe ndiye unafuta wangu tangu jana," Leboo alisema. "Simu umeifanya jembe, unapalilia tu."

Mtandao ukakatika.

Saa tano iliingia pikipiki ya Joyceline, afisa mifugo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Orodha yako inakula ndama wangu."

Joyceline alitazama simu. "Mbona mmewaweka wote kwenye mstari mmoja?"

"Ng'ombe hawahesabiwi, mwanangu, ni mkosi. Boma moja, mstari mmoja."

"Hapo ndipo mlipokosea. Pasipo mtandao, simu hutunza ulichoandika. Mtandao ukirudi, hukipeleka. Wewe na baba mnaandika mstari uleule bila kuona cha mwenzako. Anayefika mwisho humfuta aliyetangulia."

"Kwa hiyo nihesabu?"

"Sijasema uhesabu. Kila ndama mpe mstari wake, kwa rangi yake. Ongeza, usiguse cha mwenzako. Ukiona alama ya saa, kinasubiri. Ukiona tiki, kimefika."

Naserian alimtumia Leboo ujumbe kumweleza hivyo. Kisha akaandika: Mwekundu mwenye doa. Mweupe wa miguu. Alama ya saa ikakaa palepale. Kidole kilimwasha.

"Niandike tena?"

"Acha. Ukirudia, utakuwa na ndama wawili mahali pa mmoja."

Alikaa, akasimama, akazunguka kichuguu. Tiki ya kwanza ikatokea, kisha nyingine. Saa sita na nusu ulitokea mstari ambao hakuuandika yeye: Mweusi mwenye nyota. Ulikuwa wa Leboo, na mingine yake ikafuata kabla ya saa saba. Mistari yote ya Naserian ilikuwa bado ipo.

Kesho yake Leboo aliwaleta ndama wa malishoni. Alisimama mlangoni pa zizi, akawaita kwa rangi zao, mmoja mmoja. Kila aliyechanjwa alivishwa hereni sikioni. Boksi la dawa lilipobaki tupu, Naserian aliingia zizini, akapapasa masikio ya ndama wote. Kila ndama alikuwa na hereni.