Kiraka cha Mlango wa Dereva

Kiraka kile hakikuwa kimeziba tundu lolote. Hilo ndilo lililomshangaza Msasa siku alipomaliza kukibandua, hata akamwita mkewe aache cherehani aje aone.

Mkewe alitoka barazani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, pini mbili mdomoni. Alikuwa mshonaji, na kazi zake alizifanyia hapo hapo nyumbani.

"Ona," Msasa alisema, akilipiga bati la mlango kwa kidole. "Zima kabisa. Halina hata kitobo. Sasa fundi yule alikuwa anaziba nini?"

"Labda alikuwa amelewa."

"Mlevi hawezi kulehemu vizuri hivi, mke wangu."

Gari lenyewe lilikuwa la kizamani, lenye pua ndefu na taa za duara, ambalo Msasa alilivuta kutoka kwenye uwanja wa vyuma chakavu likiwa limeliwa na kutu hadi mbavu. Alikuwa analifufua nyuma ya nyumba siku ambazo hakwenda gereji. Kiraka kilikuwa cha madini ya risasi, ukubwa wa kiganja, kimefichwa upande wa ndani wa mlango wa dereva, kimejaa mikwaruzo ambayo yeye aliidhani ya tupa. Patasi ilishindwa nacho, ingawa risasi ni laini. Ikabidi akipige mchanga tangu asubuhi mpaka jua likageuka, kwa kuwa Msasa hakuvumilia viraka. Wenzake gereji walisema siku akifa atafufuka alisugue jeneza kwanza ndipo akubali kuzikwa, na jina lake la utani lilitoka huko.

Kupiga mchanga si kazi ya kitoto. Kompresa inasukuma upepo, upepo unauvuta mchanga kutoka kwenye pipa, mchanga unatoka kwenye pua ya mpira kwa kasi ya kung'oa kutu, rangi na ngozi pia ukizubaa. Msasa alijengea gari lile banda la karatasi za nailoni, akawa anaingia humo amevaa ovaroli, glovu na kofia ya turubai yenye kidirisha cha kioo. Mdogo wake, mtu mzima mwenye mwili na maneno mengi, alibaki nje kuangalia kompresa na kujaza pipa.

Mchanga uliokwisha kupigwa hutupwa. Umevunjikavunjika, umebeba kutu, haufai tena. Lakini mshonaji alikuwa mtu asiyetupa hata kipande cha uzi, na alipouona ule mchanga umerundikwa ukutani, roho ilimuuma.

"Mnatupa mchanga mzima huu?" aliwauliza. "Si mnauchekecha tu?"

Akaleta chekeche, akatoa magamba ya kutu, mchanga ukarudi pipani. Shemeji yake akamsifu kwamba angezaliwa mwanamume wangemfanya msimamizi wa gereji. Tangu hapo kuchekecha ikawa kazi yake kila jioni, na vumbi jekundu likampanda puani, maana kitambaa cha kufunga uso alikikumbuka siku moja moja. Mchanga uliokibandua kile kiraka nao aliuchekecha.

Asubuhi iliyofuata kubanduliwa kwa kiraka, mlango ulikuwa na kutu tena. Hilo pekee halikuwa ajabu, kwani bati lililo uchi lisipopakwa praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo huota kutu, na Msasa alikuwa amesahau praima. Lakini kutu ya namna hiyo hutanda bati zima. Hii ilitokea mahali pamoja, upande wa ndani, kwa umbo la kiganja chenye vidole virefu vilivyotanuka, kama cha mtu anayesukuma mlango ili atoke. Msasa akakipiga mchanga kikafutika. Kesho yake vilikuwa viganja viwili.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu katika mkono wa jasho, na mshonaji aliisikia kwenye ovaroli alipokuwa akiikung'uta, baadaye kwenye shuka, mwishowe kwenye maji ya kunywa. Alibadilisha mtungi, akausugua, wapi. Akaanza kuwa na hofu, na kwa kuwa hakujua anaogopa nini, akashona kwa bidii zaidi.

Siku moja mchana kweupe, kompresa ilinyamaza. Mshonaji aliinua kichwa akitarajia mumewe atatoka kunywa maji. Hakutoka. Mpira uliendelea kuvuma mle ndani ya nailoni, ssss, na mchanga ukawa unalia juu ya kitu ambacho hakikuwa na mlio wa bati. Akasogea. Shemeji yake alikuwa amesimama kando ya mashine, mkanda wa mota mkononi, uso umempauka.

"Shemeji," mshonaji alinong'ona, "umeizima?"

"Nimeizima. Nimetoa na mkanda, huu hapa. Sasa upepo unatoka wapi?"

Wakachungulia kwenye mpasuo wa nailoni. Vumbi lilikuwa limejaa banda zima, zito, jekundu, linazunguka, isipokuwa mahali pamoja kando ya mlango wa dereva ambapo halikuingia, na mahali hapo palikuwa na umbo la mtu, refu kupita paa la gari, lenye mabega yaliyoinama na mikono iliyofika magotini, na Msasa alikuwa amelielekezea pua ya mpira na kulipiga polepole kuanzia kichwani kushuka chini, kwa upole ule ule ambao mama humwogeshea mtoto, na mchanga ulipoligusa uliruka pembeni, na kila uliporuka, kitu kilichokuwa chini yake kilizidi kung'aa.

Jioni hiyo Msasa alikaa kula. Mchanga ulisikika ukisagika kwenye meno yake.

"Leo ulikuwa unapiga nini pale pembeni?" mkewe aliuliza, sauti chini.

"Nasafisha."

"Unasafisha nini, mume wangu?"

"Kuna mtu chini ya kutu." Alimtazama, na mboni zake zilikuwa nyekundu pande zote. "Kamebaki kadogo tu atoke. Usiniharibie."

Mshonaji hakulala. Alilia kimya kimya, akiwa amempa mgongo, kwa sababu alimpenda mtu huyu na aliona wazi kwamba anampoteza akiwa amelala naye kitanda kimoja. Kulipokucha akamwendea shemeji yake, wakatoka wote wawili, shemeji akaufungue mpira na kuutupa mbali kabla mwenyewe hajaamka.

Hakuwahi. Ile ameinama tu kulegeza kibano cha mpira, Msasa alikuwa nyuma yake, amevaa kofia ya turubai, pua ya mpira mkononi.

"Mdogo wangu," alisema, na sauti iliyotoka chini ya turubai ilikuwa na sauti nyingine ndani yake, kavu, ya kukwaruza. "Mbona una kutu?"

"Kaka, ni mimi."

"Umejaa kutu mkono mzima. Ngoja nikusafishe."

Kompresa haikuwa na mkanda, haikuwa na mafuta, lakini mpira ulijaa na kuruka kama nyoka aliyekanyagwa, na kabla mtu yule hajainuka mchanga ulimpata mkono wa kulia kuanzia kiwiko, ukachana shati, ukachana ngozi, ukaingia nyamani na kuitawanya juu ya nailoni nyeupe kwa matone madogo madogo, naye akapiga yowe moja refu lililokatika katikati, akaanguka chali, na kaka yake akamkanyaga kifua kwa buti ili asifurukute, akaendelea kupiga kwa makini, taratibu, kurudi na kwenda, mpaka mfupa ukaonekana mweupe, na alipouona mweupe akatikisa kichwa kwa kuridhika kama alivyofanya siku zote bati linapotakata.

"Umeona?" alisema. "Chini ni safi."

Kisha akageuka. Kidirisha cha kofia kilikuwa kimetapakaa damu.

"Na wewe mke wangu, shingo yako."

Mshonaji alirudi nyuma hatua moja. Angeweza kukimbia kuelekea mlango wa uani, lakini shemeji yake alikuwa bado anahema pale chini, na mtu aliyekuwa chini ya turubai ile alikuwa mumewe. Alitazama huku na huku. Karibu na pipa la mchanga kulikuwa na ndoo ya maji ya kunawia, naye alikuwa amesikia mara mia wakisema kwamba mchanga ukilowa, mpira unaziba. Akapiga moyo konde, akaikwapua ndoo, akaimimina yote pipani.

Mpira ulikohoa. Ulivimba shingo, ukatetemeka, ukapasuka kwa mshindo uliomtupa mshonaji ukutani, na pua yake ya chuma ikarudi nyuma ikampiga Msasa usoni, ikavunja kioo, taya na meno. Alianguka. Lakini sauti ile kavu iliendelea kutoka kifuani mwake, ikicheka, huku mdomo wake umefumbwa.

Majirani ndio waliomfunga kamba. Mdogo wake alikimbizwa hospitali, ambako mkono ulikatwa, na walipoulizwa wakasema mashine imepasuka. Jirani mmoja akamleta mganga, bibi mfupi mwenye miwani minene na buti za mpira, aliyeingia akilalamikia magoti yake. Aliuzunguka mlango wa gari mara moja, akaupapasa pale kiraka kilipokuwa, akaguna.

"Mwanangu, hiki kilikuwa kifuniko," alimwambia mshonaji. "Mlikuwa mnatafuta tundu la nini? Kuna aliyelifunga jini humu akalifunika kwa bamba la risasi, nyie mmelifungulia, tena mmelipiga na mchanga. Sasa limo mchangani, na limo ndani ya aliyevuta vumbi lake."

Kilichofuata mshonaji asingetamani kukiona. Bibi yule alimkalia Msasa kifuani, akampachika faneli ya kumiminia mafuta katika mdomo ule uliovunjika, akamnywesha maji ya chumvi ya moto, kopo baada ya kopo, huku akimchapa mapajani kwa ufito, na Msasa alijipinda mpaka kamba zikamkata, akatukana kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, akatapika, akanyweshwa tena, akatapika tena, na katika beseni mkajaa damu, na katika damu mchanga mwekundu, kikombe kizima, na jino, na mchanga ule haukutulia, ulitambaa ukipanda ukingo wa beseni mpaka bibi alipoumwagia risasi iliyoyeyushwa.

"Na huu uliorudishwa pipani?" bibi aliuliza akihema, macho kwenye chekeche lililoachwa kando ya pipa. Miwani yake ilikuwa na matone. "Mchanga uliorudiwa ndio umempa nguvu. Nani alikuwa anauchekecha? Huyo naye lazima anywe."

Mshonaji alitazama beseni. Alitazama faneli, ambayo ilikuwa bado na kipande cha nyama ya ufizi. Msasa alikuwa amezimia. Hapakuwa na mwingine wa kusema.

"Shemeji," alijibu. "Shemeji ndiye aliyekuwa anachekecha."

Bibi akamfuata mgonjwa hospitali. Wanasema alimnywesha kwa kuibia manesi, na maskini yule, na mkono wake mmoja, alitapika maji matupu, meupe. Bibi akashangaa. Akasema labda damu iliyomtoka ilitoka na lile jini. Mchanga wote ukakusanywa kwa ufagio laini, ukafungiwa ndani ya ule mlango na kulehemiwa risasi pande zote, kisha bibi akaondoka nao, na hakumwambia mtu amekwenda kuuzika wapi.

Msasa akapona, kwa kadiri mtu anavyoweza kupona. Taya lilikaa upande, sauti ikawa ya chini, lakini macho yalikuwa yake. Alimlilia mdogo wake akamwomba radhi, akasamehewa. Mshonaji alimsagia chakula, akamlisha kwa kijiko, na alipomwona anatabasamu kwa upande mmoja alifurahi sana. Alikuwa amempata mumewe. Uongo ule mdogo aliusahau, au alijitahidi.

Alasiri moja Msasa alikuwa amesinzia kwenye kiti barazani, na mkewe yuko kwenye cherehani, mkewe akasikia harufu ya sarafu. Akanusa kitambaa. Akanusa mikono yake. Alipoinua macho aliona doa dogo nyuma ya sikio la mumewe, jekundu, lenye magamba. Akalowesha kidole kwa mate, akalifuta. Halikutoka. Lilikuwa limeshuka mpaka shingoni, na lilikuwa linatambaa kuelekea shavuni, na alimhurumia jinsi alivyoharibika bila kujua. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na ule waya wa kusugulia masufuria.

"Lala tu, mume wangu," alisema kwa upole. "Ni kidogo tu."

Msasa alifumbua macho. Alimtazama mkononi, kisha usoni, na taya lake lililopinda likaanza kutetemeka.

"Mke wangu," alinong'ona, "bibi alikunywesha na wewe yale maji?"

Mkewe alimwinamia. Alimshika kichwa kwa mkono wa kushoto, akakibana vizuri kwenye kiti, akaanza nyuma ya sikio.