Aliyeambiwa Asubiri

Kompyuta ilizima, feni iliyomo ndani yake ikaendelea kuzunguka. Opereta alichomoa waya ukutani, akaushika mkononi kama mtu aliyekamata mkia wa panya, na feni bado ilizunguka. Ilizunguka kwa muda unaotosha kumenya chungwa, kisha ikasimama. Alijiambia ni upepo. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, lakini mjane wa miezi mitatu hana nguvu za kubishana na kila kitu.

Walimwita Opereta kwa sababu alikaa miaka thelathini na mmoja kwenye ubao wa simu wa hospitali, akiwaunganisha watu na habari ambazo hawakutaka kuzisikia. Mumewe alikuwa mwalimu wa jiografia, msemaji asiyejua kituo. Madaktari walipomwambia kwamba koo lake litakatwa na sauti itakwenda nalo, wawili hao walianza kukaa mezani kila alasiri, maikrofoni katikati yao, wakarekodi. Mke anauliza, mume anajibu. Rekodi sitini na tatu. Upasuaji ulifanikiwa, kama wanavyopenda kusema wapasuaji, na mgonjwa akafa wiki sita baadaye, kimya.

Sasa binti yao wa pekee alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Mama, nataka mtoto amsikie babu yake," alisema kwenye simu. "Ziweke tu kwenye flashi, nitakuja kuzichukua Jumapili."

Ziweke tu. Hilo "tu" ni neno la watu ambao kazi yenyewe hawaifanyi wao.

Kunakili kulihitaji dakika ishirini. Kompyuta haikumpa zaidi ya sita. Skrini iliganda, ikawa buluu, ikaonyesha maandishi meupe ya kuomba radhi, halafu giza. Akifungua rekodi moja kuisikiliza, mambo yalikuwa yale yale: mumewe anaanza sentensi, anakatikia katikati. Kumpoteza mtu mara moja kunatosha. Yeye alikuwa anampoteza mara nne kwa siku, na kila mara kwenye kitenzi.

Fundi alikuja Jumatatu. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, miwani yake imeshikwa na uzi wa kushonea, na hakuwa na mbwembwe, jambo lililompendeza Opereta.

"Inazima saa ngapi, mama?"

"Ikijisikia."

"Basi ina tabia za ofisini."

Alifungua ubavu wa mashine, akapuliza vumbi la miaka mitano, akapiga chafya, akasema alhamdulillahi, akapuliza tena. Alieleza utaratibu wake: siku moja, kifaa kimoja. Ukibadilisha viwili pamoja na mashine ikapona, hutajua kipi kilikuwa na ugonjwa. Kabla ya kuondoka aliacha daftari dogo juu ya kibodi.

"Kila ikizima, andika. Saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, umesema nini."

"Nikiitukana pia niandike?"

"Hasa matusi. Watu hutukana pale pale penye tatizo."

Jumanne akabadilisha memori. Jumatano akabadilisha pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine. Alhamisi kompyuta ilizima mara saba, na kukaanza kutoka harufu kwenye matundu ya feni. Haikuwa ya waya kuungua, ambayo Opereta angeikaribisha kwa mikono miwili kwa kuwa ina maelezo. Ilikuwa harufu ya nywele zilizolowa mvua zikafunikwa kabla hazijakauka. Na sauti ya mumewe, ilipokatika, haikukatika tena kwa mkato mmoja. Silabi ya mwisho ilivutika, ikapungua, ikawa pumzi. Mtu upande wa pili alikuwa anapumua, taratibu, kwa adabu, kama wanavyopumua watu walioambiwa kwamba zamu yao itafika.

Ijumaa fundi aliing'oa diski yenye rekodi, akaenda nayo dukani kwake aichomeke kwenye kompyuta yake mwenyewe. Aliondoka saa tatu asubuhi. Saa sita alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na hataki kuketi.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "marehemu alikuwa anakuitaje?"

"Bibie. Kwa nini?"

"Hakuna rekodi ambamo anakuita Opereta?"

"Hata moja. Hilo jina la kazini. Alilichukia."

Fundi alitazama nyuma yake, barabarani, ambako jua lilikuwa linawaka na watu wanapita na mizigo yao, kisha akaingia na kufunga mlango.

"Mashine yangu haijawahi kuganda tangu niinunue. Nimechomeka diski yako, dakika ya sita ikaganda. Nikachomoa spika. Nimeichomoa kabisa, mama, imelala juu ya meza kama kiatu. Ikaniuliza, Opereta yuko wapi."

"Usinitanie."

"Nina watoto wanne. Sina muda wa kukutania. Ikasema, ameniambia nisubiri."

Kisha fundi, kwa kuwa fundi mzuri hushika kazi hata akiogopa, alinyoosha mkono akachukua daftari na kulifungua. Opereta alikuwa ameandika kwa mwandiko safi wa mtu aliyefundishwa kujaza fomu. Jumatatu saa tisa na robo, nanakili, imeganda, nimesema: subiri hapo hapo, usikate, nakuunganisha. Jumatatu saa kumi, namsikiliza, imeganda, nimesema: subiri hapo hapo, usikate, nakuunganisha. Ukurasa baada ya ukurasa.

"Ulikuwa unamwambia nani?" fundi alinong'ona.

"Hakuna mtu. Mazoea. Miaka thelathini na mmoja, laini ikianguka ndivyo tunavyosema." Alijitazama mikono. "Na ilikuwa sauti yake. Ningesema nini kingine?"

Fundi alimwita shangazi yake, mganga, naye akaja Jumamosi mchana. Mtaa mzima ulimwita Bi Taratibu. Hakuleta ngoma wala shanga wala kuku. Alileta mkoba na miwani ya kusomea, akaomba maji, na Opereta alipoyaleta, akidhani yatasomewa kitu, mwanamke yule aliyanywa yote na kurudisha glasi. Alisoma daftari kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mumeo amepumzika," alisema. "Hilo lishike kwanza. Huyu ni jini mpita njia, hana ugomvi na mtu. Alikuwa anapita, akasikia binadamu anamwambia asubiri, tena kwa heshima. Nani huwaambia wao maneno mazuri? Amesubiri. Kila faili likitaka kutoka anashika mlango, maana ahadi aliyopewa haijatimizwa."

"Anataka nini?"

"Aunganishwe."

"Na nani?"

"Na wewe, mwanangu. Wewe ndiye uliyepokea."

Fundi alikohoa bila sababu.

"Ukimfukuza ataondoka," Bi Taratibu aliendelea, "lakini laini ikikatwa hukatika kwa aliyeikata. Hataondoka mikono mitupu, na mimi sijui atachukua nini. Anayekuambia anajua anataka sifa tu."

"Rekodi zitabaki?"

"Zitabaki."

"Mtoto atamsikia babu yake?"

"Atamsikia."

"Basi washa, fundi."

Fundi akairudisha diski mahali pake, akawasha, akaanza kunakili, na wote watatu walikaa wakitazama mstari wa kijani ukisogea, dakika ya kwanza, ya tatu, ya tano, na ilipofika ya sita skrini iliganda na ile harufu ya nywele mbichi ikajaa sebuleni, ikatanda juu ya makochi, ikaingia kwenye mapazia, na ingawa hakuna rekodi iliyokuwa imefunguliwa, na ingawa fundi alikuwa ameshika waya wa spika mkononi mwake huku jasho likimtiririka, ile sauti ya mwalimu wa jiografia, sauti yake hasa, na ule mkwaruzo mdogo wa miezi ya mwisho, ilitoka karibu sana, karibu kuliko spika, karibu kama mtu aliyelaza kichwa kwenye mto ule ule, ikasema kwamba imesubiri, kwamba haikukata, kwamba imekaa pale pale kama ilivyoambiwa, na je, sasa ni zamu yake?

Opereta alifumba macho. Wengine wangepiga kelele. Yeye alinyoosha mgongo kama alivyonyoosha kila asubuhi kazini, na alipofungua mdomo ilitoka sauti ya ubao wa simu, laini, isiyo na mtu ndani yake.

"Samahani kwa kukusubirisha," alisema. "Hapa hakuna wa kukupokea."

"Bibie," sauti ilisema.

Bi Taratibu alimshika mkono kwa nguvu. Machozi yalikuwa yanamshuka Opereta hadi kidevuni, lakini sauti haikuyumba. Kazi ilimfundisha kulia bila kusikika.

"Nakata," alisema.

Feni ilisimama. Ikaanza tena, kawaida, kwa mlio wa feni. Mstari wa kijani ukatembea hadi mwisho na flashi ikajaa rekodi sitini na tatu. Fundi alihesabu mara mbili, kisha akatoka nje akakaa ngazini, kichwa katikati ya magoti.

Binti alifika Jumapili na tumbo lake mbele. Hakutaka chai wala mto wa mgongoni. Alitaka kusikia, pale pale, na akachagua rekodi kwa kubahatisha. Opereta akavuta kiti karibu naye.

Kwanza ilisikika sauti yake mwenyewe ikiuliza: Haya, niambie, kwa nini ulikuwa unapiga simu hospitali kila jioni na huna mgonjwa? Halafu kimya. Kimya kirefu, chenye mlio wa saa ya ukutani na gari linalopita mbali. Opereta alinyoosha mkono kuongeza sauti.

Lakini binti alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameweka kiganja tumboni, midomo yake inafuata maneno ya mtu.

"Ni yeye kabisa," alisema. "Mama, sikia anavyovuta lile neno. Mtoto anacheza, shika, shika hapa."

Opereta alishika. Chini ya kiganja chake mtoto alijigeuza, akatulia, kama anayesikiliza. Kwenye spika saa ya ukutani iliendelea kuhesabu. Akaangalia faili: dakika kumi na nne. Kuna nyingine sitini na mbili.

"Eti alikuwa anauliza saa!" binti alicheka hadi akashika mbavu. "Mtu ana saa mkononi! Umemsikia, Mama?"

"Nimemsikia."

Ndani ya rekodi, Opereta wa wakati ule alianza kucheka, kicheko cha mwanamke anayependwa na anayejua. Opereta wa sasa akacheka naye, akichelewa kidogo tu. Binti hakutambua. Kisha kimya kikarudi, na yeye akainamia spika, akingoja kicheko kingine kimwonyeshe pa kucheka.