Wifi Alipomwigiza Kaka Yake

"Sikiliza, Mkuu, huyo mwanamke niachie mimi!"

Binti alikuwa amekaza sauti hadi ikawa nzito, mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika simu ya kuigiza sikioni.

"Tukishafunga ndoa, vipindi vyake vya maigizo tunavifuta kimyakimya. Atalia siku mbili, ya tatu atasahau. Wanawake nawajua mimi!"

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu wao, ambaye shule nzima ilimwita Madam Jukwaa, alicheka mpaka akashika meza.

Zoezi lilikuwa lake mwenyewe. Kila muhula aliwapa wanafunzi kazi ileile: cheza mtu unayemwogopa, kwa maneno yake na mwendo wake, bila kumtaja jina. Mmoja alikuwa amemcheza daktari wa meno, mwingine jirani yao mwenye mbwa mkali. Lakini huyu ndiye aliyetia fora.

"Makofi kwake! Mwanangu, umetunga vizuri mno. Umeyatoa wapi hayo maneno?"

Binti hakucheka. Alitoa mkono mfukoni taratibu.

"Sijatunga, madam. Nimeyasikia juzi, sebuleni kwetu."

Hapo ndipo Madam Jukwaa alipohisi damu imemkauka. Maana binti yule alikuwa mdogo wake mwalimu wa taaluma, yule ambaye wanafunzi walimbandika jina la Redio kwa jinsi alivyoongea bila kukwama. Na Redio ndiye mchumba wake! Harusi ilikuwa mwezi ujao, kadi zimeshagawiwa, gauni liko kwa fundi. Yaani mwanafunzi aliyesimama mbele yake alikuwa wifi yake mtarajiwa, na mwanamke wa kulia siku mbili alikuwa yeye.

Kengele ilipolia aliwaacha watoto watoke, akajifungia darasani na simu yake.

"Vipindi vyangu vinafutwa?" aliandika.

Jibu lilikuja upesi: "Nani kakwambia, mpenzi? Achana na maneno ya watu."

"Nimekuuliza swali moja tu."

Redio aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe akapiga.

"Mpenzi, mambo kama haya hayazungumzwi kwenye simu."

"Mbona na Mkuu mnayazungumza kwenye simu vizuri tu?"

Redio alikohoa.

"Sikiliza basi," alisema. "Mkuu anataka vipindi zaidi vya hesabu na sayansi. Mimi nimependekeza tu pa kuvitoa."

"Na pa kuvitoa ni kwangu."

"Maigizo hayamo kwenye mtihani, mama. Halafu nafasi ya makamu mkuu iko wazi, nimeshaahidiwa. Nikiipata, si yetu sote?"

"Jumapili ulinishika mkono ukaniambia utanitetea."

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri wa kukueleza."

"Baada ya ndoa?"

Hakusubiri jibu. Alikata simu, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, akiutazama ukuta.

Jioni dada yake alimjia juu.

"Unataka kuvunja uchumba kwa sababu ya vipindi? Kwani unaolewa na ratiba, wewe?"

"Dada, mtu anayeniondoa kwenye ratiba nisijue, siku moja ataniondoa kwenye nyumba nisijue."

Dada aliguna, akaenda zake jikoni.

Siri ilikuwa imeshavuja, kwa hiyo Mkuu aliwaita wazazi wapigie kura ratiba, na Jumamosi walijaa ukumbini. Redio alisimama ndani ya suti iliyomkaa kisawasawa, akatoa maneno kama maji ya bomba.

"Wazazi wapendwa, muda wa watoto wetu ni mali. Dunia ya leo inataka wahandisi na madaktari. Kucheza watacheza nyumbani!"

Wakampigia makofi. Madam Jukwaa alinyoosha mkono, akasimama. Sauti ilimtetemeka, yeye anayefundisha wengine wasitetemeke.

"Mimi sifundishi kucheza. Namfundisha mtoto asimame mbele ya watu aseme alichonacho moyoni, na amsikilize mwenzake mpaka amalize. Mtoto asiyeweza kunyoosha mkono akasema 'mwalimu, sijaelewa', hesabu mtamwongezea hata usiku na mchana, atanyamaza nayo mpaka afeli."

"Sasa mwanangu atakula maigizo?" baba mmoja alidakia. Ukumbi ukacheka.

Redio alitabasamu. "Mwalimu mwenzangu anatetea kazi yake. Tunamwelewa."

Mwalimu mwenzangu! Ilimchoma kuliko kile kicheko.

Ndipo mama mmoja aliposimama nyuma kabisa, kitambaa kichwani, mkoba kwapani. Madam Jukwaa alishtuka. Mama mkwe!

"Mama, tafadhali kaa," Redio alisema haraka.

"Sikai. Wewe ndiye uliyekaa tumboni mwangu miezi tisa, leo nisikilize mimi."

Watu wakageuka.

"Wazazi wenzangu, huyu mnayemsikia anatiririka, utotoni alikuwa hawezi hata kuomba maji. Kigugumizi! Wenzake wakimcheka, anatoroka shule, anajificha nyuma ya choo. Nilimpeleka kwa kila aliyejiita daktari. Aliyemfungua ulimi ni mwalimu wa maigizo. Alimpa nafasi ya mfalme kwenye mchezo wa shule, maana aligundua akicheza mtu mwingine, kigugumizi kinakaa pembeni."

Akamnyooshea mwanawe kidole.

"Ila tatizo lako, mwanangu, kwenye ule ufalme hujashuka mpaka leo. Sasa unataka kuvunja ngazi uliyopandia, wa nyuma yako wasipande!"

Ukumbi ulianza kunong'ona. Madam Jukwaa alimkodolea macho mchumba wake. Miaka yote ya uchumba, safari zote, siri zote walizoambiana, na hili hajawahi kulisikia hata kwa bahati mbaya!

Redio alifungua kinywa.

"Ma-ma-ma..."

Akanyamaza, akajaribu tena. "Wa-wa-wazazi..."

Mtu akacheka. Wa pili akafuata.

"Msicheke!" Madam Jukwaa aliruka, hajui hata miguu imeamua saa ngapi. "Mwacheni amalize!"

Wakatulia. Redio alikuwa analowa jasho.

"Ni kwe-kweli. Na wa-wazo la kufuta lilikuwa la-langu. Ni-nilikosea. Vi-vipindi vibaki."

Mkuu wa shule aliinamia upande wake, uso umekunjamana. "Mwalimu, unajua unachokipoteza?"

"Na-najua, Mkuu."

Wazazi waliombwa wanyooshe mikono. Yule baba wa maswali ndiye aliyenyoosha wa kwanza. Vipindi vikabaki.

Redio alimkuta Madam Jukwaa kwenye veranda ya madarasa, amejiegemeza ukutani.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza bila kumtazama.

"Ni-nilidhani uta-utanicheka."

"Mimi? Kutwa nzima kazi yangu ni kuzuia watu wasichekwe!"

"Ki-kila nikipita da-darasani kwako, nilikuwa najiona. Ni-nikatamani lisiwepo."

Machozi yalimtoka Madam Jukwaa, ya hasira na ya huruma, yote kwa pamoja. Alimpenda. Hilo halikuwa limefutika, na ndilo lililomuuma zaidi.

"Ulinidanganya mkono wangu ukiwa mkononi mwako. Hilo halikuwa kigugumizi."

"Na-najua. Sa-sasa, na sisi je?"

Alifuta uso kwa kiganja.

"Yule niliyechumbiwa naye tumeachana juzi, kwenye simu. Harusi yake haipo tena, na wageni nitawaambia mwenyewe." Akamtazama, kwa mara ya kwanza siku ile. "Wewe hapa bado sikujui. Anza kwa kujitambulisha."

Redio alilegeza tai. Wazazi walikuwa wanapita, wengine wakipunguza mwendo kusikiliza. Akavuta pumzi, akaanza kutaja jina lake. Herufi ya kwanza ikamgomea, akairudia, ikagoma tena.

Madam Jukwaa alilijua jina hilo vizuri. Hakumsaidia. Alisimama palepale, akamsikiliza mpaka alipolimaliza.