Meno Ndani ya Mtutu

Kitambaa cha siku ya kumi na saba kilitoka mtutuni kijani vilevile, kijani cha shaba kuukuu, na Aflah akakaa akikitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Yakhe, hii bunduki ina mgodi ndani," alimwambia Talal kwenye simu.

"We fua tu. Risasi tupu, isiyovikwa shaba, haitaki kukuta shaba mtutuni. Ukibakisha hata kidogo, utalenga kwako ukapiga kwa jirani."

Talal alikuwa na gereji Wadi Kabir, na yeye ndiye aliyemtia maneno rafiki yake. Bunduki yenyewe ilikuwa ya marehemu babake Aflah, ya kuwindia, ile ya kuvuta komeo kila baada ya mlio mmoja. Kibali chake kipo, na kwa miaka arobaini haikula ila risasi zilizovikwa shaba. Aflah sasa alikuwa na miaka hamsini na minane. Usiku analinda ghala Rusayl, asubuhi anarudi Sib miguu mizito, na starehe yake moja duniani ilikuwa kulenga shabaha kila Ijumaa. Lakini bega lilishachoka na mateke ya bunduki. Kila Jumamosi lilikuwa halimpi usingizi.

"Risasi ya kusubu ni ya pole," Talal alimwambia. "Nazisubu mwenyewe, nayeyusha vile vizito vya kusawazishia magurudumu. Hazina teke. Utalala."

Utalala! Neno hilo ndilo lililomshinda. Maana mzee aliacha wasia, tena mbele ya watu: bunduki hii isile risasi tupu, na mtutu wake usifuliwe. Aflah aliuhesabu wasia huo kuwa ni uvivu. Mzee wa watu alichekwa na wawindaji wote kwa mtutu wake mchafu, akanyamaza, akafa nao.

Siku ya kumi na nane kitambaa kikatoka cheupe. Aflah akaupima mtutu kama alivyofundishwa: akashindilia kipande cha risasi laini upande mmoja, akakisukuma kwa ufito kitokee upande wa pili, kije na chapa ya mifuo, ile mifereji ya ndani. Mifuo akaiona. Na juu ya mifuo akaona meno. Madogo, yamebanana, safu ya juu na safu ya chini, kama mtu aliyeuma kashata akaghairi.

"Umeitafuna?" Talal alicheka sana alipokiona kipande hicho. Ijumaa wakaenda kulenga, wakazifukua risasi mchangani, na kila moja ilikuwa imeumwa. Talal hakucheka tena. Akasema ana kazi gerejini, akaondoka.

Bega, kusema kweli, halikuuma. Aliyeanza kuugua ni Ghaliya.

Ghaliya alikuwa mkewe wa miaka thelathini, mwanamke wa maneno na kicheko. Mwanya wake wa mbele ndio uliomfanya Aflah, ujanani, amsumbue mamake akapose hata jina la binti hajalijua. Sasa kicheko kiliondoka. Ufizi ukawa wa kijivu, chakula kikawa hakipiti, mikono ikapoa kama imetoka kwenye friji. Daktari akapima damu, akasema hajaona kitu. Aflah akahofu kweli, maana nyumba ile bila Ghaliya ingekuwa kuta tu.

Adhuhuri moja, wamejinyosha, akasikia mkewe ananong'ona.

"Aflah. Umelala?"

"Nnajaribu."

"Kuna mtu anatafuna kabatini."

"Panya huyo, Ghaliya. Lala."

"Panya gani anayenijua jina?"

Aflah akakaza masikio, na kweli akasikia, mle kabatini ilimo bunduki, ki, ki, ki, meno yakigongana polepole kwa subira ya mtu asiye na haraka, na harufu ya risasi iliyoyeyuka na ile dawa kali ya kufulia mtutu ikatambaa chini ya mlango wa kabati ikapanda kitandani, na alipogeuka kumshika mkewe akaona taya la Ghaliya nalo linakwenda, ki, ki, ki, sawasawa na la kabatini, na macho yake yako wazi yamejaa machozi, hawezi kulizuia.

Alasiri ileile akamwita Bi Wadha, jirani yao, bibi kizee aliyezaliwa Unguja, mwenye mkono wa ubani na kisomo. Bi Wadha akafukiza, akainusa bunduki, akainua kichwa.

"Nani kaufua mtutu huu?"

"Mimi, bibi."

"Subhanallah! Babako alimpiga asiyekuwa mtu, kisimani, akimdhani paa. Naye akaifuata risasi mpaka ilikotoka, akaingia humu. Kila risasi ya shaba mzee aliyoipiga ilikuwa kitasa juu ya kitasa. Weye umevifua vyote kwa mkono wako, mwanangu."

"Nifanye nini?"

"Mrejeshee shaba. Risasi arobaini, usipumzike. Lakini skiza vyema. Huyu hatoki kwake bure, humweka mtu pahala pake. Sasa hivi anatoka na kurudi. Kwa hivyo kabla hujafunga, pitisha risasi laini uitizame. Ukiona meno yake, yale yaliyobanana, yumo, funga. Ukiona mengine, usipige hata moja. Nnakwambia, hata moja."

Asubuhi Aflah alitoka zamu moja kwa moja hadi bondeni wanakolengea, siku ya tatu bila usingizi, jua limeshakuwa kali. Akapitisha risasi laini. Ikamwangukia kiganjani. Macho yalikuwa yamejaa ukungu, akaipapasa kwa kidole gumba, akagusa meno. Meno ni meno, akasema moyoni, akaitia mfukoni.

Kisha akapiga. Kufika ya ishirini bega liliwaka, kufika ya thelathini alikuwa akilia kwa sauti kama mtoto, akimtaja Ghaliya kila anapovuta komeo. Akazimaliza arobaini.

Alipofungua mlango nyumba ilinukia udi na pilau. Ghaliya alikuwa amesimama, ameoga, amejipaka hina, mikono ina joto.

"Umerudi, mume wangu."

Aflah akamkumbatia, akalia. "Alhamdulillah, Ghaliya. Alhamdulillah." Naye akacheka kile kicheko chake cha zamani, kinywa wazi, na meno yake ya mbele yalikuwa yamebanana.

Aflah akaingiza mkono mfukoni. Akaitoa ile risasi, akaileta dirishani. Safu ya juu, katikati, palikuwa na mwanya wa punje moja ya mchele.

Akairudisha bunduki kabatini, akajikalisha kitandani. Vitasa arobaini, na amevifunga yeye. Akafikiria burashi ya kufulia mtutu, akafikiria vitambaa, siku kumi na saba nyingine za kijani, bega lile, zamu zile.

"Umechoka," alisema yule mwanamke, akimtengenezea mto. "Lala kwanza. Kufua utafua kesho."

Hakuwa amemwambia kitu kuhusu kufua. Lakini mto ulikuwa laini, na Mungu amsamehe, alikuwa amechoka. Akajilaza. Kabatini kukagonga mara moja, kwa unyonge, kisha mtu akanong'ona.

"Aflah. Umelala?"

"Nnajaribu," akajibu, akageukia ukutani.

Hiyo ilikuwa Shaabani. Sasa tumo Mfungo Pili, mwezi wa tatu huu, na burashi bado kavu.