Maji Yaliyolala kwa Samaki wa Dorothée

Kila asubuhi Dorothée hupanda kutoka chemchemi akiwa na bidoni, yaani dumu, ya maji mgongoni, kisha hushuka kuchukua ya pili. Nyumba yake iko Shari, mjini Bunia, na njia yote ni mwinuko. Maji ya kupikia, ya kufulia na ya kunywa ya Gracia na wadogo zake watatu yote hupita juu ya mgongo wake. Akifika nyumbani, huketi kizingitini akikanda mabega.

Mumewe, Blanchard, hulima mashamba ya watu wengine. Hurudi jioni, miguu imevimba.

Hawa ni watu wa Djugu. Kule walikuwa na bwawa la samaki lililochimbwa na baba yake Blanchard. Vita vilipowafukuza, wengine walibeba magodoro. Dorothée alibeba tilapia watano ndani ya bidoni iliyokatwa mdomo. Njiani watu walimcheka.

"Mama, vita iko nyuma, na weye unakimbia na mboga?"

Alikuwa akichunga maji yasimwagike.

Huko Bunia fundi wa madirisha aliwaundia sanduku la vioo, refu kama meza ya kulia. Ndani yake waliweka wale samaki pamoja na majani ya mtoni. Baadaye mtu wa kanisa lao aliwapa kipande cha bonde ili wachimbe bwawa jipya. Lakini bwawa bila mbegu ni shimo tu. Mbegu yao ilikuwa wale tilapia watano.

Kiangazi kikaja. Kila siku jua na upepo vilikunywa maji ya sanduku kidogo kidogo. Dorothée aliona yanapungua, lakini alikuwa amechoka. Aliyaacha yapungue juma zima. Jumamosi, siku ya kusafisha nyumba, alimimina bidoni nzima kwa mara moja. Kesho yake, wakirudi kanisani, walikuta samaki mmoja anaelea, tumbo juu. Jumamosi iliyofuata alijaza tena, na wa pili akafa. Halafu wa tatu.

Blanchard alinung'unika juu ya jicho baya la jirani. Dorothée alisema pengine ni ugonjwa. Hakuna aliyekwenda kuuliza.

Walibaki dume mmoja na jike mmoja. Siku moja jike aliacha kula, na koo lake likavimba. Blanchard aliinama mbele ya kioo, akatazama sana.

"Iko na mayai mu kinywa," alisema. "Tilapia inalalia mayai yake vile. Baba alinionyesha."

Walimhamisha dume kwenye pipa ili asimsumbue. Ijumaa hiyo maji ya sanduku yalikuwa yamepungua tena, na kesho yake ilikuwa Jumamosi.

Kwenye chemchemi ya Shari hukaa msichana mmoja, Ornella, mwenye gileti, kizibao cha kazi. Kazi yake ni kutia dawa ya klorini katika kila bidoni kwa sindano isiyo na ncha, ili watu wasipate kolera, yaani kipindupindu. Jumamosi hiyo asubuhi alimwona Dorothée amekuja na bidoni tatu.

"Mama Gracia, leo ni tatu? Huyo mugongo ni wako ao uliuazima?"

"Ya tatu ni ya samaki. Unitilie dawa ya kutosha, dada. Ile yenye mayai isikufe."

Ornella alishusha sindano.

"Samaki unawatilia hii maji?"

"Ndiyo maji batoto wangu banakunywa. Nipatie samaki maji ya uchafu?"

"Mama, tangu lini?"

"Tangu kiangazi ianze. Kila samedi, siku kama leo."

Ornella alivuta bidoni tupu, akamkalisha.

"Sikia. Hii dawa inaua vidudu vya kolera. Mutu anaikunywa, haimufanye kitu. Lakini samaki anapumua ndani ya maji. Dawa inapita mu mashavu yake, inamuunguza. Tena unamimina yote kwa mara moja, na ya baridi. Ni kama mutu anakuamsha na ndoo ya maji ku kichwa."

Dorothée alihesabu kwa vidole: Jumamosi tatu, samaki watatu.

"Basi ni mimi nilibaua."

"Ulifanya kwa mapendo. Ila haukuuliza."

Msomaji asielewe vibaya. Dawa ya maji ni njema, na watoto wasinywe maji yasiyo na dawa. Ila kinachomfaa mtu si lazima kimfae samaki. Tena uchovu si aibu, lakini mtu aliyechoka bado ana kinywa cha kuuliza.

Alasiri Ornella alikuja nyumbani. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa mabomba, naye alimfundisha binti kazi. Alileta ndoo ya lita kumi, mpira mwembamba, na boya dogo, lile ambalo mafundi huliita floteri, kama la tangi la choo.

"Maji ilale kwanza," alisema. "Muiache mu ndoo wazi, ku jua, siku mbili. Dawa itatoka yenyewe. Mufunike na kitambaa cha chandarua, mubu asitage. Ndoo moja inalala, ingine inafanya kazi. Kwa leo nimewaletea maji ilishalala kwetu."

Alitoboa ndoo karibu na kitako, akafunga mpira. Mwisho wa pili wa mpira aliufunga kwenye floteri, na floteri akaibana ukingoni mwa sanduku, akachora kiooni alama ya mwisho wa maji. Blanchard aliiweka ndoo juu ya kigoda kifupi kuliko sanduku. Walingoja. Hakikutoka kitu.

"Papa Gracia," Ornella aliuliza, "uliona muto gani inapanda mulima?"

"Nilitaka Mama Gracia asiinue mbali. Mabega inamuuma."

"Utainua weye, basi."

Blanchard alicheka kwa shida, akainyanyua ndoo hadi juu ya kabati. Maji yakashuka, tone kwa tone. Yalipofika kwenye alama, boya likapanda na kuziba njia. Ornella alilibonyeza kwa kidole, na maji yakaanza tena. Akaliachilia, yakakoma.

"Jua ikikunywa kidogo, floteri inashuka, inarudisha kidogo. Haiombi courant ya umeme."

"Na ikikwama wazi?" Dorothée aliuliza. Sasa alikuwa amejifunza kuuliza.

"Ndiyo maana ndoo ni ndogo. Juu ya alama muache vidole vine. Hata yote ishuke, haimwagike. Kila asubuhi mubonyeze, muone kama inatembea. Na musidanganyike: jua inakunywa maji, uchafu unabakia. Mutaendelea kutoa maji kidogo ya zamani kila juma na kurudisha ingine ilishalala. Polepole, na kikombe."

Siku zikapita. Dorothée alibonyeza floteri kila asubuhi, kisha akashuka chemchemini kama kawaida. Mgongo haukupona. Lakini Jumamosi ile hakumimina kitu, na Jumapili jike alikuwa hai.

Jumapili ya pili, baada ya ibada, Dorothée aliketi mbele ya kioo bila hata kuvua viatu. Jike alifungua kinywa, na kikatoka kitu kama moshi. Moshi ule ulikuwa na macho.

"Papa Gracia," aliita kwa sauti ndogo. "Kuja."

Blanchard alikuja akichechemea. Kivuli chake kilipoanguka juu ya maji, vifaranga wote walirudi kinywani mwa mama yao. Akasogea nyuma. Wakatoka tena.

"Ni ngapi?"

"Haihesabike."

Juu ya kabati maji ya ndoo yalishuka tone moja, jingine, kisha yakatulia.

"Kesho nianze kuchimba bwawa," Blanchard alisema.

Dorothée aliitazama miguu ya mumewe iliyovimba.

"Kesho ulale. Maji yenyewe inalala siku mbili kabla ya kufanya kazi."