Virusi vya Syntiche

Kila siku akitoka shule, Syntiche alibadilisha sare, akala bukari, yaani ugali, kisha akaenda kwa tantine Victorine, mdogo wa mama yake. Tantine alikuwa na kibanda cha kuandikia barua na kutoa fotokopi katika mtaa wa Katuba. Syntiche alipanga karatasi na kupokea wateja. Kompyuta aliruhusiwa kuigusa tantine akiwa pembeni tu, lakini shuleni alikuwa ametangaza kwamba yeye ni fundi wa kompyuta, na hakuna aliyemuuliza swali la pili.

Ijumaa moja tantine alikwenda mjini kununua wino. Papa Zéphirin, mzee aliyestaafu kazi ya reli, akaingia na karatasi aliyoiandika kwa mkono. Ilikuwa programu, yaani ratiba, ya misa ya kumaliza matanga ya mke wake. Misa ilikuwa kesho yake asubuhi, na wiki ile umeme wa mtaa ulikatwa kila siku saa kumi alasiri.

"Mama, unajuaka kuandika ku mashini?" akamuuliza Syntiche, akimwita mama kwa heshima.

"Najuaka, Papa," akajibu Syntiche bila kupepesa macho.

Kupiga herufi alijua kweli. Kupanga ukurasa ndiko hakujua. Mzee alitaka saa zikae kushoto, shughuli katikati, na jina la mhusika kulia. Syntiche akabonyeza kile kitufe kirefu cha kuacha nafasi, akabonyeza tena na tena, mpaka majina yote yakasimama wima. Papa Zéphirin akasifu. Halafu akaomba herufi ziwe kubwa kidogo, kwa sababu wazee wenzake hawaoni vizuri.

Syntiche alipozikuza, majina yakatawanyika. Jina la padri likashuka mstari mzima. Jina la Simone, binti wa mzee, ambaye angetoka Lukafu kuja kusema neno la mwisho juu ya mama yake, likaangukia kwenye mstari wa wapishi. Akirekebisha mstari mmoja, mwingine ulivurugika. Mzee akauliza kuna nini.

"Mashini iko mugonjwa, Papa. Virusi njo inaharibu."

Mzee akakaa kwenye benchi. Akasema polepole kwamba siku ya kuzika mambo yalikwenda haraka, watu hawakupewa hata karatasi moja yenye jina la mke wake, na alikuwa ameapa kwamba safari hii watapewa. Syntiche aliona haya, lakini akaendelea kubonyeza.

Tantine alirudi saa tisa na nusu, akaambiwa habari za virusi. Alikaa, akabonyeza kitufe kimoja kinachoonyesha alama zilizofichika, na ukurasa ukajaa vidoti. Kati ya maneno na majina vilijipanga kama siafu, kidoti kimoja kwa kila mara Syntiche alipobonyeza.

"Virusi njo hii?" akauliza tantine, akionyesha vile vidoti.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Syntiche iliishia hapo, mbele ya mzee aliyekuwa ameinama naye kutazama. Uso ulimwaka moto. Angependa tantine amgombeze, lakini tantine alimwambia tu azungumze na Papa kwanza.

"Papa, mashini haiko mugonjwa," akasema. "Ni miye. Nilisema najua, kumbe sijue."

Mzee akatazama saa ya ukutani. Tantine akamkalisha Syntiche kwenye kiti chake mwenyewe, akamwambia afute nafasi zote. Badala yake wakaweka jedwali la safu tatu, wakaficha mistari yake, na kila jina likakaa ndani ya chumba chake. Kichwa cha programu hawakukisukuma kwa nafasi. Walikichagua, wakabonyeza kitufe cha kuweka katikati. Jina la marehemu wakalitia herufi nzito. Mwishowe wakakuza herufi, na hakuna jina lililohama. Nakala ya mwisho ilitoka dakika chache kabla ya umeme kukatika.

Syntiche alimpa mzee zile karatasi kwa mikono miwili, bila kuinua macho. Tantine akamkumbusha kwamba kuuliza si ujinga, na kwamba kama angemngoja yeye arudi, kazi hiyo isingechukua hata nusu saa.

Papa Zéphirin alipitisha kidole kwenye ukurasa mpaka akafika kwa jina la binti yake.

"Kukosa kujua haiko zambi, mutoto wangu," akasema. "Lakini uliona naenda kukosea bibi yangu mara ya pili, na ukaniacha nilaumu mashini."